Kontena la kwenda nje kupitia bandari ya Dar es Salaam: maswali ya forodha yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaouza ufuta, mbaazi, korosho, kahawa, mkonge, viungo na samani nje ya nchi: wengine ndiyo kwanza wamepata mnunuzi, wengine wamesafirisha kwa miaka lakini kila msimu wanakwama palepale. Tumejibu kwa mazingira ya Dar es Salaam. Sheria kuu ya forodha, yaani Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ni ileile inayotumika Mombasa, Kampala na Kigali, kwa hiyo msomaji wa huko naye atapata cha kuchukua. Majina ya mifumo na taasisi ndiyo yanayobadilika.

Karibu kila tatizo la kontena la kwenda nje lina chanzo kimoja. Mzigo unasema hivi, karatasi moja inasema vile, na nyingine inasema la tatu. Majibu mengi hapa chini yanarudi hapo.

Sijawahi kusafirisha hata kontena moja. Nianzie wapi?

Anza na wewe mwenyewe kabla ya mzigo. Unahitaji biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA (ofisi ya Serikali inayosajili biashara na kampuni), namba ya mlipakodi (TIN), na leseni ya biashara inayolingana na unachouza. Jina lililo kwenye TIN ndilo litakalokuwa kwenye ankara, kwenye vibali na kwenye tamko la forodha. Mtu aliyesajili "Enterprises" halafu akaombea kibali cha mazao kwa jina lake binafsi atajikuta anaomba kibali upya huku kontena likiwa yadini.

Kisha ujue bidhaa yako inasimamiwa na nani. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na tunaieleza kwa kirefu chini. Jambo la tatu ni wakala wa forodha. Meli iwe ya mwisho. Wengi huenda kinyume: wanashika nafasi melini kwanza, wanachukua kontena tupu, ndipo wanauliza kibali kinatoka wapi. Kontena la kampuni ya meli lina siku chache za bure, na siku hizo zinahesabika hata kama wewe bado unazunguka maofisini.

Kwani ni lazima nitumie wakala?

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, ndiyo. Tamko la forodha huingizwa kwenye mfumo na wakala mwenye leseni ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Leseni hizo huisha tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, hivyo mwezi Januari usione aibu kumwomba wakala akuonyeshe leseni mpya. Asiyependa kuulizwa swali hilo, mwache.

Ukubaliane naye kwa maandishi: analipwa nini, gharama zipi ni za kwake na zipi ni za bandari, za kampuni ya meli na za Serikali. Udai stakabadhi ya kila malipo ya Serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Na usimwachie wakala akutungie thamani au uzito. Yeye anaandika kwa niaba yako, na sheria inakutambua wewe kama mwenye mzigo.

Mzigo unatoka, hauingii. Forodha inataka nini kwangu?

Watu huuliza hili kwa hasira, na jibu lake ni la haki. Kwanza, zipo bidhaa zinazozuiwa au zinazotoka kwa masharti. Jedwali la Tatu la sheria tuliyoitaja linataja, miongoni mwa nyingine, chuma chakavu, mbao za miti iliyoota katika nchi wanachama, mkaa, na samaki wabichi wasiochakatwa aina ya sangara na sato. Pili, zipo bidhaa zenye ushuru wa kuuza nje. Tatu, nchi inahitaji takwimu sahihi za inachouza.

Nne ni usalama wa jina la nchi. Novemba 2013, katika bandari ya Zanzibar, lilikamatwa kontena lililokuwa limejazwa magunia ya makombe ya baharini, na ndani yake zilifichwa pembe za ndovu zenye uzito wa zaidi ya tani 2. Kontena la namna hiyo likipita, gharama anailipa muuza kahawa na muuza ufuta wa miaka inayofuata, ambaye mzigo wake utafunguliwa kila bandari kwa sababu tu umetoka kwetu.

Nyaraka gani zinahitajika?

Za msingi ni hizi: ankara ya biashara, orodha ya vifungashio (wengi wanaiita pakingi listi), mkataba au oda ya mnunuzi, uthibitisho wa nafasi melini kutoka kampuni ya meli, vibali na vyeti vya taasisi husika, na tamko la forodha lenyewe, yaani TANSAD, ambalo wakala huliingiza kwenye mfumo wa TRA. Vibali vingi sasa huombwa kupitia Dirisha Moja la Kielektroniki, TeSWS, na afisa wa forodha anaviona humohumo bila wewe kubeba faili. Hati ya shehena, ambayo bandarini kila mtu huiita BL, hutolewa na kampuni ya meli mzigo ukishapakiwa.

Kwa mazao, weka pia stakabadhi ya ushuru wa halmashauri ulikonunua. Kama umenunua kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, tunza karatasi za mnada. Zinaonyesha mzigo ulipatikana wapi na kwa bei gani, na siku ukiulizwa kuhusu thamani ndizo zitakazokusemea.

Zaidi ya orodha, ushauri wetu ni zoezi moja la dakika ishirini. Kabla tamko halijatumwa, tandika karatasi zote mezani, usome kwa sauti vitu vitano katika kila moja: jina la muuzaji, jina la mpokeaji, maelezo ya bidhaa, idadi ya vifungashio, na uzito. "Sesame seeds" kwenye ankara na "oil seeds" kwenye cheti cha afya ya mimea kwako ni kitu kimoja, lakini kwa afisa wa bandari ya Qingdao, China, ni bidhaa mbili. Magunia 380 kwenye orodha na 382 kwenye tamko ni sababu tosha ya kontena kufunguliwa. Mtu akikuambia "hayo ni mambo madogo," mwulize nani atalipa siku za yadini.

Usisahau namba ya kontena. Ina herufi nne, ya nne ikiwa ni U kwa makontena ya kawaida ya mizigo, kisha tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo ukikosea moja mfumo unaweza kukataa. Ipige picha mlangoni mwa kontena lenyewe. Usiipokee kwa simu.

HS code ni nini, na nani anaiamua?

Ni namba inayoitambulisha bidhaa kimataifa. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile duniani kote. Afrika Mashariki tunaongeza mbili zikawa nane. Korosho ghafi yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Kahawa isiyokaangwa, yenye kafeini, ni 0901.11. Ufuta ni 1207.40, mbaazi kavu 0713.60, parachichi 0804.40.

Anayetamka ni wewe kupitia wakala wako. TRA inakubali au inakataa. Tazama hizo korosho: tofauti ya tarakimu moja, lakini moja ina ushuru mkubwa wa kuuza nje. Mpe wakala maelezo kamili ya bidhaa: imekaangwa au la, imesagwa au nzima, imefungwa kwa rejareja au kwa jumla. Mkiwa na shaka, ombeni uamuzi wa TRA kwa maandishi kabla ya kupakia. Mweleze pia mnunuzi namba unayotumia, kwa sababu forodha ya kwake nayo itaisoma. Kontena lililotoka na namba moja na kuingia na nyingine huzaa maswali huko ambayo wewe huwezi kuyajibu ukiwa Buguruni.

Bidhaa yangu inahitaji kibali cha nani?

Hakuna jibu moja, ila kuna njia ya kufikiri. Jiulize: je, ni kitu kilichoota? Kilichofugwa au kuvuliwa? Kilichochimbwa? Kilichotengenezwa kiwandani?

Kilichoota karibu kila mara kinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Cheti hiki hufuata masharti ya nchi inayopokea, na hapo ndipo wengi hukosea. Mkaguzi hawezi kukupa cheti cha "mbaazi safi" kwa jumla. Anathibitisha kwamba mzigo huu umetimiza masharti ya India, au ya China, au ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo mwombe mnunuzi kibali chake cha kuingiza mimea, kama nchi yake inakitaka, kabla mkaguzi hajaja ghalani. Baadhi ya nchi zinataka mzigo ufukizwe dawa, na zinataja dawa ipi, kipimo gani na kwa saa ngapi. Ukifukiza kwanza ndipo usome masharti, utafukiza mara mbili.

Juu ya hapo zipo bodi za mazao. Kahawa ina Bodi ya Kahawa, korosho ina Bodi ya Korosho, na chai, pamba, mkonge na tumbaku kila moja ina bodi yake yenye leseni au kibali cha kuuza nje. Mazao ya chakula kama mahindi na mchele yana kibali cha upande wa Wizara ya Kilimo. Karafuu ya Zanzibar ina utaratibu wake kabisa: hununuliwa na kuuzwa nje na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na mtu binafsi asijaribu kuipitisha kwa kontena la "viungo mchanganyiko".

Mbao zinapitia TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Madini yanapitia Tume ya Madini, na mrabaha hulipwa kabla mzigo haujatoka. Samaki na mazao ya mifugo wana wizara yao na vyeti vya afya. Dawa na vifaa tiba ni TMDA. Kemikali ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Bidhaa za viwandani kwa kawaida zina njia nyepesi, ingawa mnunuzi anaweza kudai cheti cha ubora cha TBS.

Samani za mninga na vinyago: usidhani kwa kuwa zimechongwa basi si mbao. Uliza TFS mapema, na utunze risiti za ulikonunua magogo au mbao.

Je, kuna ushuru wa kuuza nje?

Bidhaa nyingi hazina. Zenye ushuru ni chache, nao upo ili kuhimiza kusindika humu nchini. Korosho ghafi: asilimia 15 ya thamani ya FOB (thamani ya mzigo hadi upakiwe melini) au dola 160 kwa tani, kiasi kinachozidi mwenzake ndicho kinacholipwa. Tuseme umeuza kwa dola 1,200 kwa tani: asilimia 15 ni dola 180, unalipa 180. Ukiuza kwa dola 1,000, asilimia 15 ni dola 150, kwa hiyo unalipa 160. Ngozi ghafi nazo zina ushuru mzito wa asilimia 80 ya FOB au dola 0.52 kwa kilo, kwa utaratibu huohuo wa kinachozidi. Viwango hupitiwa katika bajeti ya kila mwaka, hivyo mwezi Julai uthibitishe kabla ya kufunga bei na mnunuzi.

VAT kwa bidhaa zinazouzwa nje ni asilimia sifuri. Hiyo sifuri huipati kwa kusema tu kwamba umeuza nje. Inathibitishwa kwa tamko la forodha lililokamilishwa hadi mzigo kutoka, BL, na malipo ya mnunuzi. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT asiye na ushahidi huo anaweza kudaiwa asilimia 18 kana kwamba ameuza ndani. Hakikisha wakala hakuachii tamko lililokwama katikati ya mfumo baada ya meli kuondoka. Mwambie akupe uthibitisho wa mzigo kutoka, siyo nakala ya tamko pekee.

Niandike thamani ipi?

Thamani halisi ya mauzo, kwa FOB, yaani pamoja na gharama zote hadi mzigo upakiwe melini, bila nauli ya bahari na bima ya safari. Kama umeuza kwa CIF, yaani bei yenye nauli na bima ndani yake, nauli na bima vitenganishwe kwenye ankara ili FOB ionekane.

Kuna wanaoombwa na wanunuzi waandike bei ya chini ili ushuru wa huko upungue. Usikubali. Sheria ya forodha inahesabu nyaraka za uongo kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000. Tena ukiandika nusu ya bei, siku mnunuzi akikataa kulipa, ankara uliyosaini mwenyewe ndiyo itakayotumika dhidi yako.

Mnunuzi anataka EXW, anasema atashughulikia kila kitu. Nikubali?

Inavutia, lakini kwa mzigo wa kwenda nje ni mtego. Kwa masharti ya EXW, yaani mnunuzi kuuchukua mzigo ghalani kwako, yeye ndiye anayepaswa kufanya forodha ya kutoka, na mnunuzi wa Dubai au Mumbai hana TIN ya Tanzania wala leseni ya bodi ya mazao. Mwisho wa siku jina lako ndilo litakalotumika, huku huna usemi juu ya kilichoandikwa. Na wewe ndiye utakayehitaji ushahidi wa mauzo ya nje kwa ajili ya VAT.

Kwa kontena, FCA, yaani kukabidhi mzigo kwa msafirishaji mahali mlipokubaliana, inafaa zaidi kuliko FOB iliyozoeleka. Kontena hukabidhiwa kwenye yadi au lango la bandari siku kadhaa kabla meli haijafunga gati. Chini ya FOB hatari ni yako hadi lipandishwe melini, ingawa wewe hulioni tena. FCA inahamisha hatari pale unapokabidhi. Forodha ya kutoka inabaki kuwa kazi yako katika yote mawili, na ndivyo inavyofaa iwe.

Upakizi ufanyike wapi, na afisa wa forodha awepo?

Unaweza kupakia ghalani kwako au kwenye yadi iliyoidhinishwa. Kwa bidhaa nyingi afisa wa forodha, na mara nyingine mkaguzi wa taasisi yenye kibali, anakuwepo wakati wa kupakia, kisha kontena linafungwa lakiri, yaani sili. Omba ukaguzi mapema kupitia wakala, mzigo ukiwa umepangwa kwa namna inayohesabika. Magunia yaliyorundikwa hadi darini yanamchosha afisa na kukuchelewesha wewe.

Kabla gunia la kwanza halijaingia, kagua kontena tupu. Ingia ndani, fungieni mlango, tazama kama mwanga unapenya mahali. Tazama kuta kama zimebanduliwa na kupakwa rangi upya, sakafu kama imeinuliwa. Maficho ya magendo hujengwa humo, na mwenye mzigo halali ndiye hukamatwa nayo. Kontena lenye harufu ya kemikali au mabaki ya mzigo uliopita lirudishwe palepale.

Lakiri iwe ya chuma yenye kiwango cha ISO 17712. Namba yake iandikwe kwenye nyaraka jinsi ilivyo, na ipigwe picha ikiwa imefungwa, pamoja na namba ya kontena kwenye fremu moja. Lakiri ikikatwa njiani na mamlaka kwa ukaguzi, ipatikane taarifa ya maandishi na namba ya lakiri mpya, kisha kampuni ya meli ijulishwe. Namba ya lakiri isiyolingana ni neno gumu kwenye bandari ya kupokelea.

VGM ni nini, na kwa nini haifanani na uzito ulio kwenye tamko?

Ni uzito uliothibitishwa wa kontena zima, sharti la usalama wa meli duniani tangu tarehe 1 Julai 2016. Bila VGM, kontena halipakiwi. Unaweza kuupata kwa kupima kontena lililokwisha kupakiwa, au kwa kupima mzigo, vifungashio na vifaa vyote vya kuzuia mzigo, kisha kuongeza uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni.

Watu huchanganya namba tatu. Chukua magunia 380 ya kilo 50 za ufuta. Uzito halisi wa ufuta ni kilo 19,000. Kila gunia tupu lina nusu kilo, jumla kilo 190, hivyo uzito wa jumla wa mzigo ni 19,190. Huo ndio wa orodha ya vifungashio na tamko la forodha. Kontena tupu la futi 20 lina, tuseme, kilo 2,200. VGM ni 21,390. Namba tatu tofauti, zote sahihi, kila moja mahali pake. Anayeandika VGM kwenye tamko, au uzito wa ufuta kwenye VGM, atapigiwa simu.

Kumbuka pia mizani ya barabarani. Kikomo cha gari zima pamoja na mzigo ni tani 56 kwa gari la ekseli saba, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Mzigo uliorundikwa nyuma ya kontena unaweza kukwama mizani ya Vigwaza hata kama jumla haijazidi.

Tamko langu limeangukia njia nyekundu. Nimekosa nini?

Si lazima uwe umekosa. Mfumo huchagua kwa vigezo vya hatari: aina ya bidhaa, nchi unakopeleka, historia yako, ugeni wako. Kijani ni kuruhusiwa bila ukaguzi wa mzigo, njano ni ukaguzi wa nyaraka, nyekundu ni mzigo wenyewe kuangaliwa, kwa skana au kwa kufunguliwa.

Kinachosaidia ni historia safi. Kila kontena linalotoka bila tofauti linajenga jina. Wasafirishaji wenye rekodi nzuri na hesabu zinazokaguliwa wanaweza kuomba TRA hadhi ya AEO, yaani mfanyabiashara anayeaminiwa na forodha, na hiyo inapunguza ukaguzi katika nchi zote wanachama wa Jumuiya. Kwa anayesafirisha kila mwezi inafaa kuifuatilia.

Nimegundua kosa baada ya tamko kutumwa. Je, nifute?

Mwambie wakala siku hiyohiyo aombe marekebisho kwenye mfumo, akieleza sababu na kuambatisha ushahidi. Kosa ulilolitaja mwenyewe kabla ya ukaguzi linachukuliwa tofauti kabisa na kosa lililogunduliwa na afisa. Magunia yaliyobaki nje kwa kukosa nafasi nayo yaripotiwe. Usiache tamko liseme 380 na kontena likabeba 371.

Kontena limefika bandarini lakini meli imeliacha. Nifanyeje?

Hutokea: meli imejaa, imebadilisha ratiba, au umechelewa muda wa mwisho wa kupokea makontena. Meli ikibadilika, maelezo ya meli kwenye tamko na kwenye taarifa za bandari yanapaswa kubadilishwa. Gati nazo zina waendeshaji tofauti: DP World yupo gati 0 hadi 7, na TEAGTL gati 8 hadi 11. Thibitisha meli mpya inafunga wapi kabla ya kuhamisha kontena. Kama cheti cha afya ya mimea kilikuwa na jina la meli ya kwanza, au ufukizaji umepita muda unaokubalika na mnunuzi, rudi TPHPA mapema. Kisha mwandikie mnunuzi. Barua yake ya benki ya kukuhakikishia malipo inaweza kuwa na tarehe ya mwisho ya kupakia.

Forodha ya nchi ninakopeleka inanihusu?

Sana, maana baadhi ya nchi zinataka taarifa kabla kontena halijapandishwa melini hapa kwetu. Marekani na Umoja wa Ulaya zote zinataka taarifa saa 24 kabla ya kupakia. Mfumo mpya wa Ulaya, ICS2, ulianza kwa usafiri wa bahari Juni 2024, na unataka maelezo mahususi ya bidhaa na HS code ya tarakimu sita. Maneno kama "general cargo" hayakubaliki. Ndiyo maana kampuni ya meli inakusumbua na maelekezo ya BL siku nyingi kabla ya meli.

Kwa China, viwanda na maghala ya vyakula vingi vinapaswa kusajiliwa na forodha yao, sharti lililoanza tarehe 1 Januari 2022. Kwa kahawa na mbao za kwenda Ulaya, andaeni ushahidi wa mahali zilikotoka, kwa kuwa sheria yao mpya inakataa mazao ya ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Anzeni kukusanya alama za mashamba ya wakulima sasa, kwa sababu kazi hiyo haifanyiki wiki ya kupakia.

Na paleti! Mbao za paleti na makreti ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30, au kufukizwa, na zipigwe muhuri wa kimataifa wenye alama ya suke. Kontena la bidhaa nzuri kabisa linaweza kurudishwa kwa sababu ya paleti iliyogongwa misumari mtaani.

Cheti cha asili kina faida gani?

Kinathibitisha bidhaa imetoka nchi gani, na kinamwezesha mnunuzi kulipa ushuru mdogo au kutolipa kabisa. China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, tangu tarehe 1 Desemba 2024. Ulaya inatupokea bila ushuru kwa mpango wa bidhaa zote isipokuwa silaha. Huko msafirishaji aliyesajiliwa hutoa tamko la asili mwenyewe, na kwa shehena isiyozidi euro 6,000 hata asiyesajiliwa anaweza. Kwa masoko mengine nenda TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Kiombe kabla BL haijatoka, na utumie punguzo hilo unapojadili bei: kama mnunuzi anaokoa ushuru kwa karatasi yako, una haki ya kulizungumza.

Tunachangia kontena watu wanne. Kuna ubaya?

Hakuna, ila kila mwenye mzigo awe na tamko na vibali vyake, na mchanganyaji, yaani anayeunganisha mizigo yenu, awe na rekodi inayojulikana. Kibali kimoja kikikosekana, wote wanne mmesimama. Omba kuona orodha ya wenzako kabla ya kukubali.

Mzigo unatoka Zambia, Congo au Rwanda. Dar es Salaam ni njia tu.

Hapo mauzo ya nje hutamkwa nchi ulikotoka, na Tanzania hupita kwa dhamana ya transiti, lakiri ya forodha na ufuatiliaji wa kielektroniki hadi bandarini. Kwa Rwanda, Burundi na Uganda mambo hurahisishwa na Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya. Dhamana isipofutwa baada ya meli kuondoka, wakala ataendelea kuibeba, nawe utaendelea kudaiwa. Fuatilia hadi ifutwe.

Sikubaliani na uamuzi wa TRA.

Unazo siku 30 tangu ulipopata uamuzi kuomba upitiwe upya na Kamishna, kwa maandishi na kwa sababu. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Usiporidhika, unakwenda kwenye vyombo vya rufaa za kodi ndani ya siku 45. Malalamiko ya dirishani hayahesabiwi kuwa ni pingamizi, andika.

Nyaraka nizitunze hadi lini?

Miaka 5. TRA inaweza kuja kukagua mauzo ya nyuma, na itauliza kontena kwa kontena. Funga kila kontena kwenye bahasha yake: ankara, orodha, vibali, tamko, uthibitisho wa kutoka, BL, malipo ya benki, pamoja na picha za lakiri, na nakala ya vyote iwe nje ya simu yako. Kama uliagiza malighafi au vifungashio kwa ushuru na ukavitumia kwenye bidhaa ulizouza nje, bahasha hizohizo ndizo utakazoambatisha kudai kurudishiwa ushuru huo, na dai linapaswa kufika ndani ya miezi 12 tangu mzigo ulipotoka.